Folda ya Marehemu

Ponsian Lyamba si mtu wa kufuta vitu. Nimefanya naye kazi miaka tisa kwenye steshenari yetu, mtaa wa kushukia stesheni ya treni hapa Mpanda, na kama kuna jambo lililotugombanisha kuliko yote ni hilo. Mimi Restituta nina hasira za karibu, najijua. Nikiona kitu hakina kazi, nakitupa. Yeye hata kalamu iliyokwisha wino anaitia kwenye kopo, anasema akiba haiozi. Kopo likajaa, akatafuta la pili.

Tumegawana kazi. Mimi natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, nafunga ripoti za wanachuo. Yeye anatengeneza kompyuta za watu na kuchapa kazi ndefu: wosia, katiba za vikundi, historia za koo. Watu wa vijijini wanampenda kwa kazi hiyo ya pili kwa sababu hana haraka. Mtu akisema, Ponsian anapiga chapa bila kuinua macho. Mtu akinyamaza, naye ananyamaza. Sijawahi kumsikia akimwambia mzee, "Endelea, kuna foleni." Mimi ningemwambia.

Alikuwa na mwiko mmoja ulionitoa roho. Hakuipa kazi jina kabla haijaisha. Nyie mnaotumia kompyuta mnajua: ukianza kuandika, inabidi usevu kazi yako kwa jina fulani, ndipo mashine ijue pa kuiweka. Mwenye akili anasevu mwanzoni, hata kwa jina la uongo, halafu anaendelea. Ponsian hapana. Aliandika ukurasa wa kwanza, wa pili, wa saba, na mwisho kabisa ndipo alimgeukia mwenye kazi na kuuliza, "Tuiiteje?" Na programu anayoipenda ni ya kizamani, nyepesi, haina habari ya kujisevia yenyewe. Nilimgombeza mpaka nikachoka. Alinijibu kwamba kwa wazee wake kitoto hakipewi jina kabla kitovu hakijadondoka.

Hapo nilikuwa nafunga mdomo, kwa sababu nilijua neno hilo linatoka wapi. Mke wake, Bernadetha, alifariki wakati wa kujifungua, mwaka mmoja kabla sijaanza kazi pale. Mtoto alikuwa wa kike, akaishi siku tatu. Kitovu kilikuwa bado. Wamezikwa kaburi moja Misunkumilo, pembeni ya shamba lao, na msalaba wa mbao una jina la mama peke yake. Haya niliambiwa na dada yake. Ponsian mwenyewe hajawahi kuyatamka mbele yangu.

Kitu kingine alichokataa kufuta ni mafaili ya ajali, na hapa lazima nieleze kidogo. Programu ikianguka ghafla, ikajifunga mbele ya macho yako, mfumo wa kompyuta unaweza kuchukua kila kitu ambacho programu ile ilikuwa nacho kichwani dakika ile ya kufa, ukakimwaga chote kwenye faili moja. Faili hilo ni kubwa, na ukilifungua unaona takataka tupu: alama, namba, herufi zisizosomeka. Limewekwa kwa ajili ya mafundi, wapate kuchunguza sababu ya kifo. Kompyuta za watu wengi haziyatunzi mafaili hayo. Ponsian aliiamuru ya kwetu iyatunze yote. "Kitu kikifa lazima tujue kimekufaje," alisema. Kuhusu kifo cha mke wake hakuwahi kupewa maelezo ya kueleweka na mtu yeyote.

Mafaili hayo yalikaa kwenye diski ndogo ya ndani, folda ndani ya folda, na yalitumalizia nafasi. Nikamwambia ayahamishie kwenye diski kubwa ya nje. Akajaribu kwa kiungo. Kiungo ni kama kibao cha barabarani kilichoandikwa jina la kijiji, Sibwesa: kibao chenyewe si Sibwesa, kinakuonyesha njia tu. Kwenye kompyuta pia unaweza kusimika kibao mahali pa faili, na ukikibonyeza kinakupeleka faili liliko. Ponsian akasimika kibao pale mfumo unapoandikia faili la ajali, ili uandike kule kwenye diski kubwa. Mfumo ukagoma. Programu ilianguka, na haukuandika kitu chochote.

Nilimcheka siku ile. Naye bila kununa akanieleza kwamba mfumo umefundishwa hivyo makusudi. Ukiwa unamwaga mabaki ya programu iliyokufa haufuati kibao, kwa sababu mtu mwenye roho mbaya anaweza kusimika kibao kinachoelekea nyumbani kwa jirani, na mfumo kwa upofu wake ukaenda kumwaga mabaki juu ya vitu vya jirani na kuviharibu. Basi akayaacha mafaili yale kwenye diski ndogo, kule kule ndani. Kwa ajili ya kuyatazama tu akaweka kibao kwenye uso wa kompyuta, chenye picha ya folda, akakiita Marehemu. Mimi kila nikiketi nilikuwa naiona ile folda na kusonya.

Bibi Thacienne alikuja Jumanne moja ya mwezi wa tano, na binti yake Vénérande. Walitoka Sibwesa, wanakolima mahindi na tumbaku. Bibi alikuwa mmoja wa waliokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili. Binti amezaliwa huku, ni mtu mzima mwenye wajukuu, na wote ni Watanzania kwa karatasi na kwa jasho. Bibi alikuwa mwembamba, mgongo umenyooka, kitenge cheusi.

"Shikamoo, bibi," Ponsian alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe fundi unayeandika habari za wafu?"

"Naandika za wote, bibi. Karibu ukae."

Vénérande ndiye aliyeeleza. Baba yao alifariki mwaka jana, na mwezi wa sita ukoo ungeganduka, yaani ungetoka msibani rasmi. Siku hiyo ndugu wote hukaa, pombe ya mtama hugawiwa, marehemu husemwa maisha yake. Na katika ukoo wao, yeyote aliyekufa zamani bila kuliliwa hutajwa siku hiyo hiyo kwa jina, ili naye atoke msibani. Bibi alikuwa na watoto waliokufa wakati wa kukimbia, na hakuna aliyewalilia kwa sababu kila mtu alikuwa anakimbia. Alitaka waandikwe.

"Kwetu, kaka, mtoto habebi jina la baba," Vénérande alisema. "Kila mmoja anapewa la kwake peke yake. Likipotea limepotea. Huwezi kulikisia kwa ndugu zake."

Ponsian akafungua ukurasa mweupe. Bibi akasema kwa Kirundi, Vénérande akatafsiri, Ponsian akapiga chapa. Bukuru na Butoyi, mapacha, waliokufa kwa homa, mmoja asubuhi, mwingine jioni. Nzeyimana, mvulana wa miaka minne, ambaye mto Malagarasi ulimchukua mikononi mwa mjomba wake. Mimi nilizima mashine ya kopi ili isipige kelele, na si kawaida yangu. Saa zilikwenda. Mchana ukaingia.

Ghafla bibi akasema kwa Kiswahili. "Kiu imenishika. Vénérande, nenda kanunue maji."

Vénérande akatazama chupa iliyokuwa mezani, imejaa nusu.

"Hayo yamepata moto," bibi akasema. "Nataka ya baridi."

Nikatoka na Vénérande kumwonyesha duka lenye friji. Kulikuwa na watu, tukakaa kama robo saa. Tuliporudi, bibi alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge na Ponsian bado anapiga chapa. Bibi akanywa maji funda moja, akarudisha kifuniko.

"Nimemaliza," alisema.

"Basi, bibi," Ponsian akasema, "tuiiteje kazi hii?"

Bibi alikuwa hajafumbua mdomo wakati kioo kilipoganda. Ponsian akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena, na ukurasa wote ukatoweka. Umeme haukukatika, feni ilikuwa inazunguka juu yetu. Programu ilikufa yenyewe, na ile kazi isiyo na jina ikaenda nayo.

"Si nilikwambia!" nilipiga kelele. "Si nilikwambia mimi, Ponsi, kila siku nakwambia!"

Nilisema hivyo mbele ya mama wa watu aliyekuwa ametoka kuwataja watoto wake waliokufa. Nikikumbuka naona aibu mpaka leo. Ponsian alisimama, akaweka mikono kifuani, akaomba radhi. Bibi akamshika kiwiko.

"Usihangaike, mwanangu. Nimebeba miaka hamsini, siku sita hazitanilemea. Jumatatu nakuja tena, tunaandika upya. Na hiyo siku kazi utaipa jina mapema."

Alitabasamu kidogo aliposema hayo. Wakaondoka kuwahi gari la Sibwesa.

Jioni ile nilimwambia Ponsian achimbe kwenye faili la ajali. Alikuwa ameshaliangalia, akaniambia lipo, mfumo uliandika vizuri. Lakini akakataa kulifungua. "Mwenyewe yuko hai," alisema. "Maneno ya mtu aliye hai huyachimbi kwa mlango wa nyuma. Atakuja ayaseme kwa kinywa chake." Mimi niliona ni ukaidi tu.

Jumamosi asubuhi bibi Thacienne hakuamka. Hakuwa ameumwa. Ijumaa alipika ugali, akala, akafunga kuku, akalala. Vénérande alipiga simu Jumapili, na Jumatatu alfajiri Ponsian akapanda gari kwenda kuzika. Hiyo ndiyo Jumatatu ambayo bibi mwenyewe alitakiwa kuja kwetu.

Sasa naomba nisiseme uongo juu ya Jumatatu ile. Nilikuwa peke yangu. Saa tatu akaingia mwalimu Malale, Msukuma mmoja mrefu anayefundisha sekondari, na mtihani wa kidato cha pili wa kurasa kumi na nne. Wanafunzi walitakiwa kuuanza saa sita mchana.

"Dada Resti, nitolee haraka, nitafukuzwa kazi."

Kila nikiamuru mtihani utoke, kompyuta inaniambia nafasi imejaa. Nikafunga hiki, nikafungua kile. Nafasi imejaa. Malale amesimama nyuma yangu ananipumulia shingoni.

"Nyie watu wa kompyuta bwana," alisema. "Kumbe na nyie mnashindwa."

Damu ikanipanda. Nikatazama uso wa kompyuta na ile folda ikanitazama: Marehemu. Miaka tisa ya takataka. Nikaifuta. Sikuteleza kidole, nilikusudia. Nikaenda na kwenye pipa la taka la kompyuta, nikamwaga kabisa, isirudi. Halafu nikaamuru tena mtihani utoke, na mashine ikaniambia nafasi imejaa. Nikailaani, nikafuta video zangu mwenyewe za harusi ya dada yangu, mtihani ukatoka, Malale akakimbia nao.

Wahenga walisema hasira hasara. Mimi siku ile nilijiona shujaa, nikanywa chai.

Jumanne saa nne Ponsian akaingia, na nyuma yake Vénérande, kichwa kimenyolewa. Niliwapa pole. Vénérande akaketi kwenye benchi, pale pale alipoketi mama yake. Ponsian hakuvua hata koti, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Nikaona mkono wake unatembea huku na huku kwenye meza, kisha ukasimama.

"Resti. Marehemu iko wapi?"

"Nimefuta."

"Umefuta nini?"

"Hiyo folda. Jana. Nafasi ilijaa, mwalimu Malale alikuwa na mtihani. Nimefuta na kwenye pipa." Niliona uso wake ukibadilika, nikaanza kujitetea kwa sauti ya juu kama kawaida yangu. "Si mama yao alishawataja wote? Si Vénérande alikuwepo anatafsiri? Atawataja yeye, wataandikwa upya, kuna tatizo gani?"

Ndipo Vénérande aliposema, taratibu, bila kunilaumu.

"Dada, mimi nawajua watatu. Kuna wa nne."

Akanieleza. Jumanne ile kwenye gari, wakirudi nyumbani, mama yake alimwambia kwamba alimtuma maji makusudi. Alikimbia akiwa na mimba, mume wake amepotelea njia nyingine. Akajifungua porini kabla ya mto, peke yake, mjomba ametangulia na Nzeyimana, na mtoto hakufika mtoni. Kwao jina hutoa baba, na baba hakuwepo, basi alimpa jina mwenyewe. Walipokutana na mume wake miezi mingi baadaye huku Tanzania, alimwambia mimba iliharibika. Aliogopa kumwambia kwamba mtoto alipumua, akaitwa jina, akaachwa. Miaka hamsini hakulitamka jina hilo kwa mtu. Mume alipokufa ndipo alipoona anaweza.

"Nikamuuliza, anaitwa nani?" Vénérande alisema. "Akanijibu, utamsikia siku ya kuganduka, wakati watu wote wanamsikia. Nimeshamwambia fundi."

Nikamgeukia Ponsian. "Wewe si uliandika? Si ulilisikia?"

"Nilikuwa napiga chapa," alisema. "Mpiga chapa akisikiliza anakosea. Bibi alilitaja kwa vipande, nikaandika kwa vipande. Nakumbuka lilikuwa refu, na mwishoni lina Imana, yaani Mungu. Majina ya kwao mengi yana Mungu mwishoni. Usiku mzima kwenye msiba nimelitafuta kichwani, sina."

Kwa hiyo lilikuwa mahali pamoja tu duniani, na mimi nilikuwa nimepafuta. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimewahi kukosea watu wengi kwa mdomo wangu, lakini kumkosea mtoto ambaye hakuwa na kitu kingine ila jina, hilo lilikuwa jipya. Vénérande hakulia. Alikunja ncha ya kitenge na kuikunjua.

"Basi," alisema. "Labda hakutaka."

Ponsian alikuwa amekaa, mikono magotini. Kisha akaniuliza swali ambalo niliona ni la kijinga.

"Ulipofuta, nafasi ilirudi?"

"Nini?"

"Nafasi kwenye diski, Resti. Ulipofuta Marehemu na kumwaga pipa, nafasi ilirudi?"

"Haikurudi hata punje! Ndiyo maana nikafuta video zangu. Hiyo mashine yako..."

Sikumaliza. Ponsian alifunika uso kwa viganja vyote viwili na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alipoondoa mikono nikaona anacheka pia.

"Umeng'oa kibao," alisema. "Ungekuwa umefuta mafaili nafasi ingerudi. Umeng'oa kibao tu. Kijiji kipo."

Akaingia folda ya ndani, folda ndani ya folda, mahali ambapo mimi sikuwahi kufika kwa miaka tisa. Mafaili yote yalikuwa pale, yamepangwa kwa tarehe. La Jumanne ya bibi Thacienne lilikuwa la mwisho. Vénérande alisimama nyuma ya kiti chake. Mimi nilifunga mlango wa duka mchana kweupe na kugeuza kibandiko cha TUMEFUNGA, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata siku ya Idi.

Kazi ile haikuwa nyepesi. Lile faili ni kila kitu programu ilichokuwa nacho kichwani, na kichwa cha programu hakijapangwa kama ukurasa. Ponsian ana chombo cha kuchekecha, kinachotoa herufi zinazosomeka na kuacha takataka. Zilitoka kurasa na kurasa. Majina ya vitufe, maneno ya Kiingereza, sentensi ya bibi iliyokatwa katikati, alama mia mbili, halafu sentensi ile ile nzima. Tukapata "mmoja asubuhi". Tukapata "mikononi mwa mjomba wake" mara tatu. Kila neno la mama yake lilipojitokeza Vénérande alikuwa anavuta pumzi.

Ilipata saa saba, Ponsian akasimamisha kidole, akainuka kwenye kiti.

"Kaa wewe usome," alimwambia. "Ni humo. Sijaangalia zaidi ya mstari wa kwanza."

Mimi na Ponsian tukaenda kusimama dirishani, tumewapa mgongo, mtu na maneno ya mama yake. Vénérande alisoma muda mrefu, ingawa maneno yalikuwa machache. Hakusoma kwa sauti. Alipomaliza alisema tu, "Kweli ana jina," na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama msiba umeanza upya. Nilimkumbatia. Aliomba tusilitamke mpaka siku yenyewe, kama mama alivyotaka.

Ponsian akaunganisha vipande vyote kwenye ukurasa mpya. Nilimwangalia atafanya nini. Aliandika mpaka mwisho, na mimi nilikaa karibu yake nikisali programu isife, kwa sababu bado hakuwa ameipa jina. Mtu akiwa na mwiko wake ana mwiko wake. Alipomaliza akamuuliza Vénérande, naye akasema iitwe Watoto wa Thacienne.

Kwa kuwa bibi naye alikuwa amefariki, ukoo uliahirisha mpaka mwezi wa tisa, ukaganduka kwa wote wawili. Tulikwenda Sibwesa, mimi na Ponsian, kwa gari la asubuhi. Watu walikuwa wengi, wa ukoo na majirani, Wasukuma wa jirani wamekuja na ndama. Walisali, kisha Libérat, kaka mkubwa wa Vénérande, akasimama kusema maisha ya baba, akasema na ya mama. Ilipofika kwa watoto, Vénérande akataka kumpa karatasi. Libérat akaisukuma nyuma.

"Mama alimwambia fundi," alisema. "Asome aliyeambiwa."

Ponsian hapendi kusimama mbele za watu. Alisimama, akaikunjua karatasi. Akasoma Bukuru na Butoyi, akasoma Nzeyimana, na kila jina watu waliliitikia kwa pamoja, kwa sauti ya chini. Kisha akasoma:

"Wa nne alizaliwa porini kabla ya mto. Aliishi kuanzia jogoo la kwanza mpaka jua lilipotoka. Nilimwambia mume wangu kwamba hakuwahi kuwepo. Mume wangu anisamehe, na mtoto anisamehe zaidi. Sikuweza kumwacha bila jina, maana asiye na jina utamwomba Mungu amtunze vipi? Anaitwa Habonimana."

Kwa muda hakuna aliyeitikia. Wengi hawakujua kwamba kuna wa nne. Libérat alikuwa ameinamisha kichwa. Halafu bibi mmoja kizee aliyekaa mkekani karibu nami akaitika jina lile peke yake, na wote wakamfuata. Nilimuuliza lina maana gani. Akaniambia, "Mungu ndiye anayeona." Nikalia na watu nisiowajua.

Njia nzima ya kurudi Ponsian alitazama nje ya dirisha la gari. Sikumchokoza.

Siku ya pili yake aliwahi kufika kuliko mimi. Nilimkuta ameketi mbele ya ukurasa mweupe, hakuna mteja, hakuna barua ya kuchapa. Hakuandika kitu. Alikwenda moja kwa moja kusevu, ule ukurasa ukiwa mtupu vile vile, akaandika jina taratibu kwa kidole kimoja, kama mtu asiyejua kuchapa. Agape Lyamba. Akabonyeza.

"Bernadetha ndiye aliyelichagua," alisema, bila kunitazama. "Nilimwambia tungoje kitovu."

Halafu akaniuliza kama ile rangi nyeupe ya kuandikia mabango bado ipo. Nikampa, na brashi ndogo, akapanda bodaboda kwenda kaburini Misunkumilo. Siku ile nilifungua na kufunga duka peke yangu, na sikumgombeza.

Faili lile lipo mpaka leo kwenye uso wa kompyuta, mahali ilipokuwa Marehemu. Nilishalifungua mara moja, kwa umbea wangu. Ndani hamna hata neno moja. Sijalifuta.